Mke wa Waziri Mkuu, Mkunga wa Hargeisa

Sokoni Lubao, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, kila anayevaa koti jeupe ni daktari. Anayedunga sindano ni daktari, anayepima presha ni daktari, na muuguzi anayempokea mtoto usiku wa manane ndiye daktari kuliko wote. Wizara ina ngazi zake na vyuo vina vyeti vyake, lakini mama aliyeshikwa na uchungu hana nafasi ya kuuliza cheti. Anamtaka mtu anayejua la kufanya.

Kwa hiyo mhadhara huu unaanza na mwanamke ambaye Lubao wangemwita daktari bila kusita, ingawa yeye mwenyewe husema waziwazi kwamba ni muuguzi na mkunga. Jina lake ni Edna Adan Ismail, mzaliwa wa Hargeisa. Aliwahi kuwa mke wa waziri mkuu. Aliwahi kupokewa na rais wa Marekani. Baadaye akawa waziri mwenyewe. Hata hivyo, ukiyafuata maisha yake hatua kwa hatua utaona kwamba vyeo vilimjia na kumtoka, vingine kwa usiku mmoja, na kilichobaki mkononi mwake kila mara kilikuwa ukunga. Kilibaki kwa sababu aliwagawia wengine.

Edna alizaliwa tarehe 8 Septemba 1937, wakati Hargeisa ilikuwa mji wa Somaliland ya Waingereza. Baba yake, Adan Ismail, alikuwa tabibu mashuhuri katika nchi ambayo watu wenye ujuzi wa hospitali walihesabika kwa vidole. Shule zikifungwa, binti huyo alishinda hospitalini na baba yake, akisafisha vyombo na kukata shuka kuukuu ziwe bendeji. Hapakuwa na shule ya wasichana pale nyumbani. Baba alileta mwalimu wa kuwafundisha wavulana, na binti akakaa nao akajifunza kusoma. Baadaye akapelekwa Djibouti, kwa jamaa, ili asome katika shule ya Wafaransa.

Lakini nyumba hiyohiyo yenye baba msomi ndimo lilimotokea jambo lililompa Edna vita vyake vya maisha. Akiwa na miaka 8, baba akiwa safarini, alikeketwa kwa mpango wa mama na bibi yake. Baba aliporudi aliwaka kwa hasira na uchungu. Mtoto hakuwa na maneno ya kueleza alichofanyiwa, ila aliona kwamba mtu aliyemheshimu kuliko wote alikiona kuwa kosa.

Ukeketaji wa aina iliyozoeleka kwa Wasomali wakati ule, ule unaoitwa wa kifarao, haukuwa kukata tu. Baada ya kukata, kidonda kilishonwa na kuachwa tundu dogo. Msichana alipona akiwa na kovu gumu, na kovu halitanuki kama nyama ya kawaida. Miaka ikipita akaolewa, akapata mimba, na siku ya kujifungua kovu lile likawa ukuta mbele ya kichwa cha mtoto. Uchungu ukarefuka, mwili ukachanika, damu ikamwagika. Edna aliyajua hayo kwanza katika mwili wake, kisha akayasoma darasani, kisha akayashika kwa mikono yake katika wodi ya wazazi.

Mwaka 1954 alipata nafasi ya masomo Uingereza, jambo ambalo halikuwa limemfikia msichana wa Kisomali kabla yake. Alikaa huko miaka 7, akasomea uuguzi na ukunga London, katika Borough Polytechnic na katika wodi za hospitali za jiji hilo. Aliporudi nyumbani mwaka 1961, Somaliland ya Waingereza ilikuwa imekwisha kuungana na Somalia ya Waitaliano kuwa jamhuri moja. Yeye alikuwa muuguzi na mkunga wa kwanza wa Kisomali mwenye sifa kamili za hospitali. Alikuwa pia mwanamke wa kwanza wa Kisomali kuendesha gari, na habari hiyo ilizungumzwa mitaani pengine kuliko vyeti vyake.

Msomi huyo alifanya kazi hospitalini kwa miezi mingi bila mshahara. Wagonjwa walikuwapo, wodi ilikuwapo, mikono yake ilikuwapo, ila utumishi wa serikali haukuwa na nafasi iliyoandikwa kwa ajili ya mwanamke wa cheo hicho. Wazazi wengi wa Kakamega wenye mabinti waliohitimu uuguzi na kusubiri ajira mwaka baada ya mwaka wataitambua hali hiyo mara moja.

Mwaka 1963 aliolewa na Mohamed Haji Ibrahim Egal, mwanasiasa ambaye Juni 1960 aliiongoza Somaliland kwa zile siku chache za uhuru kabla ya muungano. Julai 1967 Egal akawa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Somalia. Machi 1968 mume na mke walikuwa Washington, wageni wa Rais Lyndon B. Johnson katika Ikulu ya Marekani. Picha za ziara ile zinamwonyesha mwanamke mrefu, aliyevaa kwa ustadi, aliyesimama kati ya wakubwa kana kwamba amezaliwa hapo.

Cheo hicho kilidumu miaka miwili na miezi michache. Tarehe 15 Oktoba 1969 Rais Abdirashid Ali Shermarke aliuawa kwa risasi. Siku sita baadaye, tarehe 21 Oktoba, jeshi likiongozwa na Siad Barre likatwaa nchi. Egal akatiwa kizuizini. Edna akawekwa kifungo cha nyumbani. Marafiki waliokuwa wakijaza sebule hawakuonekana tena. Egal alikaa gerezani, kwa awamu mbili, takriban miaka 12 kwa jumla, na ndoa yao baadaye ilivunjika.

Hapa ndipo panapofaa kusimama kidogo. Magazeti yetu yakiandika habari za mwanamke aliyeolewa na kiongozi, huanza na mume, yakaendelea na mavazi, yakamalizia na harambee aliyohudhuria. Taaluma yake hutajwa kama pambo. Edna, mlango wa nyumba ya waziri mkuu ulipofungwa nyuma yake, hakubaki na cha kuringia wala cha kulalamikia tu. Alibaki na kazi. Wanawake wa Mogadishu waliendelea kuzaa chini ya utawala wa kijeshi kama walivyozaa chini ya ule wa kiraia, na walihitaji mkunga. Alirudi kazini, na baada ya muda akapanda hadi kuwa mkurugenzi katika Wizara ya Afya ya serikali ileile iliyomfunga mumewe.

Upande wa pili wa Bahari ya Hindi kuna mfano unaofanana na huu na kutofautiana nao. Siti Hasmah Mohamad Ali wa Malaysia alihitimu udaktari Singapore mwaka 1955, miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa wa Kimalay kufika hapo. Mwaka 1956 akaolewa na mwanafunzi mwenzake wa udaktari, Mahathir Mohamad. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Malaysia kuanzia 1981 hadi 2003, na tena kuanzia 2018 hadi 2020. Kabla ya hayo yote, Siti Hasmah alikuwa daktari wa serikali jimboni Kedah, akizunguka vijijini kushughulikia afya ya akina mama na watoto. Kule alikutana na wakunga wa jadi walioaminiwa na wanawake kuliko hospitali, akatambua kwamba kuwapiga vita kungewafukuza akina mama pia. Alistaafu utumishi mwaka 1979, miaka miwili kabla mumewe hajakalia kiti cha uwaziri mkuu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kazi yake ya udaktari ilikwisha kufanyika kabla nchi haijamjua kama mke wa mkubwa.

Karibu zaidi na Lubao, ng'ambo tu ya mpaka wa Busia, yuko Josephine Namboze wa Uganda. Chuo cha udaktari cha Makerere kilianza mwaka 1924, lakini ni mwaka 1959 ndipo Namboze alipohitimu, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, naye akawa daktari wa kwanza wa kike katika Afrika Mashariki nzima. Namboze hakutafuta umaarufu wa hospitali kubwa. Alijikita katika afya ya jamii, akafanya kazi na kituo cha Kasangati nje ya Kampala, mahali ambapo wanafunzi wa udaktari walipelekwa kuona ugonjwa unakoanzia: kwenye kisima, jikoni, na kitandani kwa mzazi.

Wanawake hawa watatu, kila mmoja na nchi yake, walifika mahali pamoja. Walifika kwa mama anayejifungua. Sababu si kwamba wanaume waliwaachia kazi hiyo. Ni kwamba pale ndipo vifo vingi vilipokuwa, na vingi vyake vilizuilika.

Chukua damu. Mtoto akishatoka, tumbo la uzazi hupaswa kujibana lenyewe na kufunga mishipa iliyokuwa ikilisha kondo la nyuma. Lisipojibana, mama mwenye afya nzuri anaweza kufa kwa kutokwa damu katika muda wa saa mbili. Mkunga aliyefunzwa humdunga sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa, husaidia kondo kutoka, hupapasa tumbo kuhakikisha limekuwa gumu. Chukua kifafa cha mimba: presha inapanda, miguu inavimba, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, kisha degedege. Anayepima presha kliniki kila mwezi hulikuta tatizo mapema, na dawa ya magnesiamu salfeti huokoa maisha. Chukua mtoto anayezaliwa kimya. Akikaushwa, akasuguliwa mgongo, na akipuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, mara nyingi hulia. Hakuna hata kimoja kati ya haya kinachohitaji jengo la ghorofa. Vyote vinamhitaji mtu aliyefundishwa, aliye macho, na aliye karibu.

Edna alilijua hilo, na ndiyo maana hakunyamaza hata pale kusema kulipokuwa aibu. Mwaka 1976, mjini Mogadishu, alisimama mbele ya wanawake na kuzungumza hadharani juu ya ukeketaji. Neno lenyewe halikutamkwa barazani wakati ule. Kenya ilipitisha sheria yake ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011, miaka 35 baadaye.

Kisha vita. Mwaka 1988 ndege za Siad Barre ziliushambulia mji wa Hargeisa, zikiruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huohuo na kurudi kuulipua. Sehemu kubwa ya mji iligeuka kifusi na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia Ethiopia. Wauguzi na madaktari nao walitawanyika. Edna alikuwa amejiunga na Shirika la Afya Duniani, na kati ya 1991 na 1997 aliliwakilisha Djibouti. Wakati huohuo, Mei 1991, Somaliland ilijitangazia kujitenga na Somalia, ingawa dunia haikuitambua. Mwaka 1993 Egal, yule mumewe wa zamani, alichaguliwa kuwa rais wa Somaliland.

Edna alistaafu mwaka 1997. Mwanamke wa umri wa miaka 60, mwenye pensheni ya shirika la kimataifa, angeweza kukaa popote. Yeye aliuza gari lake la Mercedes, vito vyake, hata mashine yake ya kufulia, akachukua na pensheni, akarudi Hargeisa kujenga hospitali ya wazazi. Serikali ya Egal ilimpa kiwanja kilichokuwa jalala la taka. Watu walimwonea huruma, wengine wakadhani amechanganyikiwa. Fedha zilikwisha kabla jengo halijaezekwa. Wafanyabiashara wa mji walichangia vifaa, Wasomali walioishi ng'ambo wakachangisha, na habari zake zilipochapishwa Marekani wageni wasiomjua wakamtumia msaada.

Hapa kuna jambo ambalo wajenzi wa hospitali wengi hulisahau. Mwaka 2000, jengo likiwa halijakamilika, Edna alianza kufundisha darasa la kwanza la wauguzi, zaidi ya wanafunzi 30. Hakungoja paa ndipo atafute watu. Aliona kwamba jengo zuri lisilo na wakunga litakuwa ghala la vitanda, na kwamba mkunga hafundishwi kwa wiki sita. Kwa hiyo hospitali ilipofunguliwa rasmi tarehe 9 Machi 2002, ilikuwa na mikono ya kuifanyia kazi. Egal aliaga dunia mwezi Mei mwaka huohuo.

Baadaye Edna aliitwa tena serikalini, safari hii kwa jina lake mwenyewe: waziri wa ustawi wa familia, kisha waziri wa mambo ya nje wa Somaliland kuanzia 2003 hadi 2006. Kazi ya hospitali haikusimama. Aliishi ndani ya jengo hilo, karibu na wodi. Aliweka lengo la kufundisha wakunga 1,000 ili kila pembe ya nchi iwe na mmoja wa kumfikia mama. Shule ya wauguzi ikakua kuwa chuo kikuu chenye jina lake. Mwaka 2023 alitunukiwa Tuzo ya Templeton, mojawapo ya tuzo zenye fedha nyingi zaidi duniani, na sehemu ya fedha hizo akaielekeza kwenye hospitali yake.

Lubao inaingia wapi katika habari hii?

Kaunti ya Kakamega imewahi kujaribu jambo lililosifiwa mbali. Mwaka 2013, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao wananchi waliuita Oparanya Care. Mama asiyejiweza alipewa shilingi 2,000 kwa kila awamu, akihudhuria kliniki, akijifungulia kituoni na akimpeleka mtoto chanjo. Mwaka huohuo serikali ya kitaifa ikaondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Mipango hiyo ilijibu swali la kweli, kwa sababu mama wengi walibaki nyumbani kwa kukosa nauli ya bodaboda, nguo ya mtoto au fedha za kulipa bili. Wakunga wa jadi nao walianza kupewa nafasi mpya, ya kumsindikiza mama hadi kituoni badala ya kumshika nyumbani.

Lakini fedha humfikisha mama mlangoni. Akishafika, anayempokea ni nani? Kama zamu ya usiku ina muuguzi mmoja wa kuangalia wodi tatu, hatapapasa tumbo kila baada ya dakika 15 kama alivyofundishwa. Si kwa uvivu. Hana mikono minne. Kila mama wa hapa anayo simulizi ya usiku wa namna hiyo, yake au ya dada yake.

Wakunga wa kujaza zamu hizo hawatoki mbali. Kakamega ina chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC, ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro chenye shule ya uuguzi, na vyote viwili vinafikiwa kutoka Lubao kwa matatu. Kwa aliyefanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, diploma ya uuguzi ya KMTC huanzia wastani wa C, na biolojia haikwepeki. Hiyo si alama ya kutisha. Wasichana wengi wa hapa kwetu Kabras huipata, kisha hukaa nyumbani kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wanatosha, au kwa sababu karo ya muhula wa kwanza haikupatikana kabla ya tarehe ya kuripoti.

Vyama vya akina mama vya soko hili vinajua kuchanga. Huchangia maziko, arusi, viti vya plastiki, sufuria kubwa za hafla, na mzunguko wa kila wiki haukosi. Chama kimoja kikitenga sehemu ya mzunguko wake kumwanzisha msichana mmoja, kikaandikiana naye ahadi kwamba akihitimu atatafuta kazi katika kituo cha wadi hii kabla ya kwingine, baada ya miaka mitatu na nusu hivi kutakuwa na mkunga mmoja ambaye wauza mboga na wauza kuku wa Lubao wanamjua kwa jina la mama yake. Mwaka unaofuata wataanza na wa pili. Orodha ya waliomaliza kidato cha nne na kupata C iko katika kila shule ya sekondari hapa karibu, na walimu wakuu hawaifichi kwa anayeiomba. Mkutano ujao wa chama chochote kilichopo hapa unaweza kuanza na ajenda hiyo.